Usyk, Crawford au Inoue: nani namba moja ukiweka mizani pembeni?

Jumapili ya tarehe 14 Septemba 2025 ilikuwa na ngumi mbili kubwa, na kwa saa za kwetu zote ziliangukia mchana kweupe. Asubuhi, wengine wakiwa bado hawajapiga mswaki, Terence Crawford alikuwa anamalizia raundi ya 12 na Canelo Alvarez kule Las Vegas. Alasiri ikawa zamu ya Naoya Inoue, pale Nagoya, Japani, na Murodjon Akhmadaliev wa Uzbekistan. Zote mbili nilizitazama kwa kinyozi wetu, kwenye runinga iliyoning'inizwa juu ya kabati la mashine. Katikati yake zilipita saa sita saba za ubishi, na nadhani siku ile walinyolewa watu watatu tu.

Fundi alichukua maka peni akaandika majina matatu kwenye kona ya kioo: USYK, CRAWFORD, INOUE. Usyk ni yule Oleksandr wa Ukraine, wa uzito wa juu. "Nipangieni," akasema. "Ila kila mtu aseme kwanza anapima kwa kipimo gani."

Sharti hilo la mwisho ndilo lililoharibu kazi. Mmoja anahesabu mikanda, mwingine anaangalia nani kamchapa nani, na mzee mmoja aliyekaa karibu na mlango, mcheza ngumi wa ridhaa zamani hizo, hataki kusikia hesabu yoyote. Yeye anaangalia miguu. Kama na wewe umeingia kwenye ubishi huu na hujui usimame wapi, nitakuwekea vipimo vyenyewe kimoja kimoja na majina haya matatu, uone kila kimoja kinambeba nani na kinamwangusha nani.

Swali lenyewe

Kwenye ngumi, mtu mkubwa anayejua humchapa mtu mdogo anayejua. Mizani ipo kwa sababu hiyo. Orodha ya "paundi kwa paundi" inauliza jambo la kufikirika: tuseme wote wamepewa mwili wa kilo sawa, nani angebaki amesimama? Msemo huu uling'ang'ania jina la Sugar Ray Robinson. Alikuwa bingwa wa welta, kilo 66.7, kuanzia 1946, kisha mwaka 1951 akachukua mkanda wa uzito wa kati, kilo 72.6, kutoka kwa Jake LaMotta. Bingwa wa uzito wa juu angempiga, hilo halina mjadala. Lakini kila aliyejua ngumi aliona kwamba huyu wa kilo 66 ndiye fundi zaidi.

Robinson huyo huyo anaonyesha kwa nini ni kazi ngumu kulijibu swali. Februari 1943 alipoteza kwa LaMotta, mara yake ya kwanza kupoteza kama bondia wa kulipwa. LaMotta alimzidi kilo kama 7. Wiki tatu baadaye wakarudiana, Robinson akashinda. Mwaka 1952 akajaribu kupanda tena, kwa Joey Maxim, bingwa wa kilo 79.4, uwanja wa Yankee, New York, usiku wa joto la kutisha. Mwamuzi Ruby Goldstein alizidiwa baada ya raundi ya 10 ikabidi abadilishwe. Robinson alikuwa anaongoza kwa majaji wote. Kengele ya raundi ya 14 ikalia, akashindwa kuinuka kwenye kiti chake. Kwenye rekodi imeandikwa kapigwa. Wewe ungemkata alama au ungemwongeza?

Kuhesabu uzito aliopitia

Hiki ndicho kipimo cha vijana. "Pacquiao kachukua ubingwa kwenye uzito nane, yamekwisha," wanasema, wakimaanisha Mfilipino Manny Pacquiao. Kwa kipimo hiki Crawford anaongoza hawa watatu: uzito tano, kuanzia kilo 61.2 mwaka 2014 hadi kilo 76.2 usiku ule wa Las Vegas. Inoue ana nne, kutoka kilo 49 hadi 55.3. Usyk ana mbili tu: kruza, kilo 90.7, na uzito wa juu.

Tatizo ni kwamba ngazi za mizani hazilingani. Anza na kilo 47.6, uzito mdogo kuliko wote, upande hadi 61.2. Katikati ya kilo 13 na kitu hizo kuna uzito tisa. Huko chini ubingwa mwingine unatenganishwa na ubingwa wa jirani yake na kilo moja na theluthi, tofauti ambayo mtu mwenye njaa anaimaliza kwa sahani moja ya wali maharage na maji ya kushushia. Nenda juu sasa. Kutoka kilo 79.4 hadi 90.7 ni ngazi moja, kilo 11 nzima. Ukishavuka hapo hakuna dari (WBC, chama kimojawapo kati ya vinne vikubwa vinavyotoa mikanda, wameingiza uzito wao katikati ya kruza na uzito wa juu, lakini wazito wenyewe hawaupi uzito). Kwa hiyo ukisikia "uzito nane" na "uzito mbili" usikimbilie kutoa. Uliza ni kilo ngapi.

Pacquiao mwenyewe, ambaye mimi namheshimu sana, alipata mikanda yake ya juu kwa uzito wa makubaliano. Na Miguel Cotto mwaka 2009 walikubaliana kilo 65.8, wakati welta ni 66.7. Na Antonio Margarito mwaka 2010 wakakubaliana kilo 68, wakati mkanda uliokuwa unagombaniwa ni wa kilo 69.9. Margarito bado alikuwa jitu mbele yake na alitoka pale uso umeharibika, kwa hiyo sifa haipungui. Ila mwenye kuhesabu mikanda ajue kwamba mkanda wa nane hakuufuata kwenye kilo zake kamili.

Tugeuze kilo ziwe asilimia, haki ionekane. Inoue amepanda kama asilimia 13 ya mwili wake wa ubingwa wa kwanza. Crawford amepanda kama 24, na ametumia miaka 11. Hapo nilidhani nimemaliza kazi, fundi akaniuliza swali lililonikata maini: "Kwa ngumi ile Crawford na Canelo walipima kilo ngapi?"

Walipima chini ya dari ile ile, 76.2. Crawford hakupigana na mtu wa kilo 76 akiwa na mwili wa kilo 61. Alikula, akajaza mwili, akamfuata Canelo aliko. Kupanda uzito ni kazi ya miaka ya jikoni na ya gym, na ni kazi kubwa, kwa sababu mifupa na kidevu havinenepi pamoja na misuli. Kell Brook alitoka welta akamfuata Gennady Golovkin kwenye uzito wa kati mwaka 2016, akavunjika mfupa wa jicho. Lakini siku ya kupima, mizani inawasawazisha wote wawili.

Kwenye uzito wa juu mizani haimsawazishi mtu. Desemba 2024 Riyadh, Usyk alipima kilo 102.5 na Tyson Fury 127.5, wote wakiwa na nguo mwilini. Tofauti ya kilo 25. Fury alimzidi Usyk kwa asilimia 24, karibu kiasi kile kile ambacho Crawford alikipanda kwa miaka 11, ila Usyk aliikuta yote usiku mmoja, imesimama mbele yake, ina urefu wa sentimita 206. Majaji wote watatu walimpa Usyk ushindi wa pointi 116-112. Ili Inoue apate zoezi la namna hiyo ingebidi apande ulingoni na mtu wa kilo 69. Hakuna kamisheni duniani itakayotia saini karatasi hiyo.

Kuna wa kusema kwamba sehemu ya kilo 127 za Fury ni tumbo. Kweli. Tumbo halipigi ngumi, ingawa likikulalia kwenye kamba raundi kumi na mbili utalikumbuka.

Nani kamchapa nani, na wapi

Mimi hapa ndipo ninapokaa. Naangalia jina la aliyepigwa, hali aliyokuwa nayo siku ile, na pambano lilipigwa nyumbani kwa nani.

Orodha ya Usyk inatisha ukiisoma na ramani mkononi. Mkanda wake wa kwanza wa kruza aliufuata kwa Krzysztof Głowacki huko huko Poland, 2016. Akamfuata Marco Huck Berlin. Akamfuata Mairis Briedis Riga. Akamfuata Murat Gassiev Moscow, Julai 2018, akaondoka na mikanda yote minne. Akamfuata Tony Bellew Manchester. Akapanda uzito wa juu, akamfuata Anthony Joshua London, akampiga. Wakarudiana Jeddah, akampiga tena. Fury mara mbili. Daniel Dubois mara mbili, ya pili Wembley, Julai 2025, KO (alimlaza asiinuke) raundi ya 5. Karibu kila mara ukumbi ulikuwa unamshangilia mwenzake.

Crawford ana majina mawili makubwa, na moja lina maswali. Errol Spence, Julai 2023, welta, alikuwa hajawahi kupoteza, ana mikanda mitatu. Crawford alimwangusha mara tatu, mwamuzi akasimamisha raundi ya 9. Wapo wanaosema Spence hakuwa yule wa kabla ya ajali ya gari ya 2019. Mimi sijasadiki. Spence alipata ushindi mzuri baada ya ajali ile, na kilichotokea usiku ule kilikuwa ufundi mtupu. Kisha Canelo. Jina hakuna kubwa zaidi, na Crawford akiwa na miaka 37 alishinda kwa majaji wote, 116-112 na 115-113 mara mbili. Ila Canelo huyu alikuwa na miaka 35, mapambano zaidi ya 60, na miaka mitatu nyuma Dmitry Bivol alikwisha mfundisha somo. Na ukiwasimamisha pamoja wanalingana kimo. Canelo ni mtu mfupi aliyejazia. Alikuwa bingwa kwenye kilo 69.9 tangu 2011. Kwa hiyo zile "ngazi mbili" za kwenye bango, alizopanda Crawford kumfuata, zilikuwa fupi kidogo ukizipima kwa macho.

Kati ya Spence na siku za uzito mwepesi, Crawford ana miaka mingi ya wapinzani ambao sasa hivi itabidi ufikirie kidogo kuwataja. Si kosa lake lote, mapromota walikuwa wamegawana mabondia kama mashamba, lakini rekodi haiandiki sababu. Mmoja nitamtaja kwa kuwa ni wetu wa bara: Julius Indongo wa Namibia, aliyeleta mikanda miwili mezani Agosti 2017 kwenye kilo 63.5, wakakutana kuamua yote minne. Crawford alimmaliza raundi ya 3 kwa ngumi ya tumbo.

Inoue? Nonito Donaire ni jina kubwa, na pambano lao la kwanza, Novemba 2019, ndilo lililonifanya nimwamini. Raundi ya 2 akapigwa konde lililovunja mfupa karibu na jicho, akacheza raundi kumi na jicho moja halioni sawasawa, akashinda. Walivyorudiana 2022 alihitaji raundi mbili tu. Stephen Fulton alikuwa bingwa asiyepoteza, akalala raundi ya 8. Lakini uzito wa chini una watu wengi wazuri ambao dunia haiwajui, na hilo linamwonea Inoue. Mtu anasema "kampiga nani?" kwa sababu yeye mwenyewe hajawahi kuamka kuangalia ngumi za kilo 53.

Jicho

Mzee wa mlangoni hakutaka lolote kati ya hayo. "Mwanangu, hesabu ni za dukani," aliniambia. "Ngumi unaziona." Akasimama, akaweka miguu sawa, bega la kushoto mbele, akaonyesha jinsi Inoue anavyopiga ngumi ya tumbo. Guu la nyuma linasukuma kwanza, kiuno kinafuata, ngumi inakuja mwisho kabisa, kama mtu anayefunga mlango kwa kisigino. "Mwangalie mtu mkubwa akipiga hii, utaona anajitayarisha. Huyu hajitayarishi."

Kipimo cha jicho kina faida moja ambayo vingine havina: kinajibu swali lenyewe. Kama kweli tunauliza nani angeshinda wote wakiwa na mwili mmoja, ni kasi, nguvu kwa kila kilo, na akili ya miguu ndivyo vinavyobaki. Kwa hapo Inoue yuko juu. Omar Narváez alikuwa hajawahi kuangushwa na mtu mpaka Inoue, akiwa kwenye pambano lake la nane tu, alipomwangusha mara nne ndani ya raundi mbili, Desemba 2014.

Hasara yake ni kwamba jicho lina mapenzi. Linasahau. Luis Nery alimwangusha Inoue raundi ya kwanza Tokyo Dome, Mei 2024. Mwaka uliofuata Ramón Cárdenas akamwangusha Las Vegas. Zote aliinuka akashinda kwa kuwasimamisha. Nilipomkumbusha mzee alisema aliyeanguka akainuka ana alama zaidi ya asiyeanguka. Inawezekana. Ila Crawford angeangushwa mara mbili hivyo, mzee huyo huyo angesema kidevu kimekwisha. Na Roy Jones: kwa jicho hakuwa na mpinzani duniani, akapanda hadi kuchukua mkanda wa WBA wa uzito wa juu kwa John Ruiz, Machi 2003. Akashuka tena kilo 79. Mwaka mmoja na miezi miwili baada ya Ruiz alikuwa amelala chini raundi ya 2 mbele ya Antonio Tarver. Jicho halikuona hilo linakuja.

Mikanda yote, na kompyuta

Hivi viwili nitavipita haraka. Ukikusanya mikanda minne ya WBA, WBC, IBF na WBO kwenye uzito mmoja, hakuna wa kukubishia kwenye uzito huo. Crawford amefanya hivyo kwenye uzito tatu, mwanaume wa kwanza tangu mikanda iwe minne. Nasema mwanaume kwa makusudi, kwa sababu Claressa Shields alitangulia kutangazwa hivyo Februari ya mwaka ule ule, na kwa kinyozi hakuna aliyemtaja mpaka mteja mmoja wa kike aliyemleta mtoto wake kunyolewa alipotuuliza tunaongelea binadamu gani. Usyk na Inoue wamefanya kwenye uzito mbili kila mmoja. Kipimo ni kizuri, ila kinategemea promota gani anaelewana na promota gani.

Kompyuta, yaani BoxRec, haina mapenzi na haina macho. Inapokea matokeo inatoa namba. Hapa Tanzania tuliijua vizuri Septemba 2018, Hassan Mwakinyo alipokwenda Birmingham akamsimamisha Sam Eggington raundi ya 2 akaruka ngazi chungu nzima kwa usiku mmoja. Tangu hapo kila bango la ngumi linataja namba. Inafaa sana kuwapanga watu wa uzito mmoja wanaokutana mara kwa mara. Ukiitumia kumaliza ule ubishi wetu wa Mwakinyo na Twaha Kiduku, wa kilo 69.9 na wa kilo 76.2, itakupa namba, lakini haitakuambia chochote kuhusu hizo kilo sita na kitu.

Basi uchague kipi?

Ukipenda historia na rekodi inayosomeka baada ya miaka thelathini, chukua kipimo cha nani kamchapa nani, na kwa hawa watatu utaishia kwa Usyk. Mimi niko hapo, na zile kilo 25 ndizo zilizonimalizia ubishi. Ukitaka kujua nani mkali kuliko wote ukimtoa kwenye mwili wake, amini jicho, na ujiandae kubadili mawazo kila baada ya miezi sita. Ukipenda mafanikio yanayohesabika, uzito tano, mikanda yote mara tatu, mapambano 42 hajapoteza, huna pa kwenda zaidi ya kwa Crawford. Kosa linalonikera ni la kuchanganya: mtu anaanza na mikanda, akibanwa anakimbilia jicho, akibanwa tena anasema "lakini fulani hajawahi kupoteza." Floyd Mayweather ana 50 bila kupoteza. Robinson alipoteza 19. Sijakutana na mtu wa ngumi anayemweka Robinson chini kwa ajili ya hizo 19.

Alasiri Inoue akapanda. Wengi tulitegemea KO. Badala yake alicheza kwa miguu raundi zote 12, anaingia anagonga anatoka, Akhmadaliev anapiga hewa. Majaji wawili walimpa 118-110 na mmoja 117-111. Mzee hakusema kitu, alikuwa anatuangalia sisi usoni tu.

Fundi akapiga mstari wa kusimama katikati ya kioo. Kushoto akaandika "KAZI", kulia "UKALI". Tukapiga kura kwa mikono. Kazi: Usyk wa kwanza, Crawford wa pili, Inoue wa tatu. Ukali: Inoue wa kwanza, Crawford wa pili, Usyk wa tatu, maana walisema mtu mkubwa hawezi kuwa mwepesi hivyo, wakakataa kunisikiliza. Yule mama akatuambia tujumlishe, mwenye namba ndogo ndiye mshindi. Usyk moja na tatu, nne. Inoue tatu na moja, nne. Crawford mbili na mbili.

Fundi alikitazama kioo kidogo, akachukua kitambaa, akamwita mtoto apande kwenye kiti.